Plex, Jellyfin au Kodi: ipi isimamie filamu zilizo kwenye NAS yako?

NAS (kifaa cha kuhifadhia mafaili kwenye mtandao wa nyumbani) iko tayari, diski zimo ndani, filamu na tamthilia zimekaa kwenye folda zake. Kilichobaki ni kuchagua programu ya kuzifikisha kwenye runinga, simu na kompyuta. Majina yanayorudi kila mara ni matatu: Plex, Jellyfin na Kodi. Wengi huchagua kwa kutazama sura ya programu, kisha wanajikuta na video inayokwama kila baada ya dakika mbili na hawajui walaumu nini. Aghalabu tatizo haliko kwenye programu. NAS imebebeshwa kazi ambayo haina nguvu ya kuifanya. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanza na prosesa, na sura ya programu inakuja baadaye sana.

## Vigezo vya kulinganisha

Ugeuzaji wa video. Kifaa cha kutazamia kikiielewa faili jinsi ilivyo, seva huituma tu, na hata NAS dhaifu huimudu kazi hiyo. Kisipoielewa, seva inalazimika kuifumua video na kuifunga upya katika umbo jingine, papo hapo, bila kuchelewa hata sekunde. Plex wenyewe wametoa makadirio: kugeuza video ya 1080p ya H.264 (mfumo wa kubana video) yenye megabiti 10 kwa sekunde kunahitaji prosesa yenye alama kama 2,000 kwenye kipimo cha PassMark, na 4K HDR (yenye mwanga na rangi pana zaidi) ya HEVC, mfumo mpya zaidi wa kubana, kama 17,000. Intel Celeron J4125, iliyomo kwenye Synology DS920+ na DS423+, hupata karibu 3,000 tu. Kinachoiokoa ni Quick Sync, yaani sehemu ya michoro iliyomo ndani ya chip hiyo hiyo, ambayo hugeuza video bila kuielemea prosesa. AMD Ryzen R1600 ya DS923+ inafaa sana kwa kazi za mafaili, lakini haina sehemu ya michoro kabisa. Kwa hiyo NAS inayosifiwa zaidi kwenye karatasi inaweza kuwa mbovu zaidi kwa filamu.

Vifaa vya kutazamia. Je, programu inapatikana kwenye runinga uliyonayo, au itabidi uongeze kisanduku?

Kutazama ukiwa nje ya nyumba. Inahitaji nini, na nani anasimama katikati?

Maktaba. Mabango, maelezo, manukuu, na kumbukumbu ya ulipoishia.

Usimikaji na matunzo. Saa ya kwanza, na miaka inayofuata.

## Mambo yanayoanzisha ugeuzaji kimyakimya

Sehemu hii isome kwa makini kuliko nyingine zote, kwa sababu inagusa Plex na Jellyfin kwa kiwango kimoja.

Mkosaji wa kwanza ni manukuu. Manukuu ya SRT ni maandishi matupu, na programu nyingi huyaweka juu ya picha bila shida. Manukuu ya PGS, yanayotoka kwenye Blu-ray, ni picha. Kifaa kisichoweza kuzionyesha huilazimu seva izichome ndani ya video, na hapo video nzima inageuzwa hata kama kifaa kingeicheza vizuri kabisa bila manukuu. Dalili yake haifichiki: filamu inakwenda laini, unawasha manukuu, inaanza kusuasua. ASS, yenye mapambo na rangi, huleta shida ile ile kwenye vifaa vingi. Dawa ni kutafuta SRT ya filamu hiyo na kuiweka kando ya faili, kwa jina lile lile na alama ya lugha: `Jina la Filamu (2014).sw.srt`.

Wa pili ni sauti. Samsung waliacha kuikubali DTS (mfumo wa sauti wa filamu) kwenye runinga zao kuanzia mwaka 2018, na LG nao waliiondoa mwaka 2020 kabla ya kuirudisha kwenye baadhi ya modeli za 2023. Kugeuza sauti peke yake ni kazi ndogo, hata NAS ya kawaida haihangaiki nayo. Kwa hiyo ukiona seva inageuza sauti tu, acha iendelee.

Wa tatu ni kivinjari. Faili ya MKV yenye HEVC ambayo runinga inaicheza bila neno inaweza kugeuzwa yote ukiifungua kwenye kivinjari cha kompyuta. Usiipime NAS yako kwa kivinjari ukadhani umeipima kwa runinga.

Wa nne ni mipangilio ya ubora ndani ya programu ya kutazamia. Ikiwa imewekwa megabiti 4 au 8, kila faili kubwa kuliko hapo itageuzwa, hata kama simu na NAS ziko chumba kimoja. Chagua ubora wa asili kwa mtandao wa nyumbani, kisha weka kikomo kwa matumizi ya nje tu.

## Plex

Ugeuzaji. Plex ya bure hugeuza kwa prosesa pekee. Kutumia Quick Sync kunahitaji Plex Pass, ambayo ni ya kulipia. Ukishakuwa nayo, washa kipengele cha hardware acceleration kwenye sehemu ya Transcoder ya mipangilio, kisha cheza faili moja na utazame ukurasa wa Dashboard: alama ya "hw" ikitokea kando ya neno la video, chip ya michoro ndiyo inayofanya kazi. Isipotokea, bado unamchosha Celeron. Ubadilishaji wa rangi za HDR kwenda kwenye skrini isiyo na HDR nao unafanyika; bila huo picha hutoka imepauka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi.

Vifaa vya kutazamia. Hapa Plex iko mbele kwa mbali. LG, Samsung, Android TV, Apple TV, Roku, Fire TV, PlayStation, Xbox na simu zote, programu unaipata kwenye duka la kifaa chenyewe. Kwa nyumba yenye runinga za aina mbalimbali, jambo hili peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Nje ya nyumba. Akaunti ya Plex ndiyo inayowaunganisha watazamaji na seva, hivyo mzazi anayeishi mbali anaingia kwa barua pepe na nywila, basi. Seva husikiliza kwenye poti 32400. Mtoa huduma wako wa intaneti akikuweka nyuma ya anwani moja na wateja wengine, poti hiyo haitafunguka kutoka nje, na Plex itapitisha video kwenye seva zake za kati kwa ubora mdogo mno. Tangu Aprili 2025, kutazama video zako ukiwa nje ya mtandao wa nyumbani kunadai malipo: ama mwenye seva awe na Plex Pass, ama mtazamaji awe na usajili wake.

Maktaba. Inatambua filamu vizuri sana, mabango yanapendeza, na wanaopenda muziki wanapata Plexamp, programu nzuri kweli ya kusikilizia. Filamu isiyojulikana na hifadhidata za mtandaoni itabidi uijazie maelezo kwa mkono.

Usimikaji na matunzo. Usimikaji ni wa dakika chache kutoka duka la programu la NAS, lakini kuna mtego mmoja unaowanasa watu kila siku. Kwenye Synology yenye DSM 7 (mfumo endeshi wake), Plex inaendeshwa na mtumiaji wa ndani anayeitwa PlexMediaServer. Usipompa ruhusa ya kusoma folda ya video, maktaba inaonekana tupu na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Fungua mipangilio ya folda ya pamoja, nenda kwenye ruhusa, badili orodha ionyeshe watumiaji wa ndani wa mfumo, mpe ruhusa ya kusoma, kisha skani tena. Ukitumia Docker (mfumo wa kuendesha programu ndani ya kontena lililojitenga), tokeni ya kuidai seva huisha muda baada ya dakika 4. Iandae mwisho, kontena likiwa tayari kuwashwa.

Zingatia pia kuwa Plex inategemea akaunti iliyo mtandaoni. Mwaka 2022 na tena 2025 kampuni iliwataka watumiaji wabadili nywila baada ya taarifa zao kufikiwa na wasiohusika. Na intaneti ikikatika, baadhi ya programu za kutazamia hukataa kuingia, isipokuwa uliandika mapema anwani za mtandao wa nyumbani kwenye orodha ya zinazoruhusiwa bila uthibitisho.

Inamfaa mwenye familia iliyotawanyika, runinga za kila aina, na asiyeona tabu kulipia urahisi huo.

## Jellyfin

Ugeuzaji. Kila kitu ni bure, pamoja na Quick Sync na ubadilishaji wa rangi za HDR. Jellyfin ilizaliwa Desemba 2018, watengenezaji wa Emby, programu nyingine ya aina hii, walipofunga msimbo wao na baadhi ya watengenezaji wakaendelea na ule uliokuwa wazi. Kazi yako ni kuhakikisha kontena linaiona chip ya michoro. Mfano wa usanidi kwa Docker:

```
services:
  jellyfin:
    image: jellyfin/jellyfin
    user: "1026:100"
    group_add:
      - "937"
    network_mode: host
    devices:
      - /dev/dri:/dev/dri
    volumes:
      - /volume1/docker/jellyfin/config:/config
      - /volume1/docker/jellyfin/cache:/cache
      - /volume1/video:/media:ro
    restart: unless-stopped
```

Namba hizo usizinakili kwa upofu. Ingia kwenye NAS kwa SSH, andika `id` upate namba ya mtumiaji na ya kundi lake, kisha `ls -ln /dev/dri` upate namba ya kundi linalomiliki `renderD128`; hiyo ndiyo inayokaa chini ya `group_add`. Folda ya `/dev/dri` isipokuwepo kabisa, NAS yako haina chip ya michoro inayotumika na hakuna mpangilio utakaoileta. Baada ya hapo fungua Dashboard, Playback, Transcoding, uchague Intel QuickSync, na uweke tiki kwenye kodeki (mifumo ya kubana video) ambazo chip yako inaziweza tu. J4125 hufumua HEVC ya biti 10 lakini haiijui AV1; ukiiwekea tiki AV1, filamu ya aina hiyo itakataa kuanza na utabaki na skrini nyeusi. Intel N100 huifumua AV1 bila shida.

Vifaa vya kutazamia. Android TV, Fire TV, Roku na LG za webOS zina programu rasmi. Kwenye Apple TV iko Swiftfin. Kwa Samsung uwe mwangalifu, maana kwa miaka mingi programu ya Tizen imelazimu kusimikwa kwa mkono, kazi isiyo ya kila mtu. Tafuta kwenye duka la runinga yako kabla hujaamua lolote.

Nje ya nyumba. Hakuna kampuni katikati, hivyo njia unaijenga wewe. Usiifungue poti 8096 moja kwa moja kwa dunia nzima. Njia salama ya kuanzia ni VPN (njia ya siri ya mtandaoni) kama WireGuard au Tailscale, na hii ya pili hupenya hata pale ambapo ruta haiwezi kufunguliwa poti. Ubaya wake ni kwamba kila mtazamaji wa nje anapaswa kuwa nayo kwenye kifaa chake, na runinga nyingi haziwezi. Ukitaka wageni waingie kwa jina la tovuti tu, utahitaji seva ya mbele kama Caddy au Nginx yenye cheti cha HTTPS, na nidhamu ya kusasisha kila mara.

Maktaba. Inasoma faili za NFO (maandishi yenye maelezo ya filamu) zilizo kando ya filamu. Kwa anayehifadhi video za familia, mahafali, mahubiri au filamu zisizo kwenye hifadhidata ya mtandaoni ya TMDB, hili ni jambo kubwa: maelezo uliyoandika yanabaki pamoja na faili yenyewe, na ukihama programu unahama nayo. Ukitaka Jellyfin iziandike NFO hizo yenyewe, ondoa `:ro` kwenye mstari wa folda ya video.

Usimikaji na matunzo. Inakutaka uwe tayari kusoma. Masasisho makubwa hubadili mambo ya ndani, kama toleo la 10.11 lilivyobadili mfumo wa hifadhidata. Zima kontena na unakili folda ya `config` kabla ya kila sasisho kubwa. Hakuna njia ya kurudi toleo la nyuma bila nakala hiyo. Faida yake ni kwamba intaneti ikikatika wiki nzima, Jellyfin haitambui hata kidogo.

Inamfaa mwenye NAS ya Intel, anayeweza kuhariri faili ya usanidi bila hofu, na anayetaka taarifa za nyumba yake zibaki nyumbani.

Emby yenyewe iko katikati ya Plex na Jellyfin. Kiufundi inafanana na Jellyfin kwa mengi, lakini ugeuzaji kwa chip ya michoro unadai usajili wa Premiere.

## Kodi

Ugeuzaji. Haigeuzi chochote, na hiyo ndiyo nguvu yake. Kodi inakaa kwenye kifaa kilichounganishwa na runinga, inasoma faili kutoka NAS kwa SMB au NFS (njia za kushiriki mafaili mtandaoni), na kuifumua yenyewe. NAS yenye prosesa ya ARM na RAM ya GB 1 inatosha kabisa. Manukuu ya PGS na ASS yanaonyeshwa papo hapo bila seva kuguswa, na sauti za DTS-HD na TrueHD zinaweza kupelekwa zilivyo kwenye mfumo wa sauti wa sebuleni, kisanduku kikiruhusu.

Vifaa vya kutazamia. Android TV, kompyuta, au Raspberry Pi yenye LibreELEC. Kwenye maduka ya LG na Samsung haimo, hivyo hesabu kisanduku kimoja kwa kila runinga ya aina hizo.

Nje ya nyumba. Haikuundwa kwa hilo. Kusoma SMB kupitia VPN kunawezekana, lakini kwa kuwa hakuna ugeuzaji, faili ya megabiti 60 kwa sekunde itahitaji megabiti 60 za kupandisha. Nyumba chache zinazo.

Maktaba. Inasoma NFO, ina mabango na manukuu, lakini kila kisanduku kina maktaba yake. Kushiriki kumbukumbu ya ulipoishia kunahitaji hifadhidata ya MariaDB kwenye NAS na faili ya `advancedsettings.xml` kwenye kila kisanduku. Kuna masharti mawili yasiyovunjwa: njia za folda ziandikwe vile vile kila mahali, kwa anwani ya mtandao, na visanduku vyote viwe na toleo moja la Kodi. Kimoja kikisasishwa peke yake, kinaunda hifadhidata yake mpya na kujitenga na wenzake.

Usimikaji na matunzo. Ukitumia NFS na Kodi ikakataliwa ruhusa ilhali anwani ni sahihi, tazama poti. Kodi huunganisha kwa poti za juu ya 1024, na NAS nyingi hukataa hizo mpaka uweke tiki ya kuruhusu poti zisizo na upendeleo; kwenye Linux ya kawaida ni neno `insecure` katika `/etc/exports`.

Inamfaa mwenye runinga moja au mbili, anayejali ubora wa picha na sauti kuliko kutazama akiwa safarini.

## Mitego isiyochagua programu

Tundu la Ethernet la runinga nyingi, hata za 4K, lina megabiti 100 tu, ilhali filamu ya UHD Blu-ray inaweza kuvuka kiwango hicho. Waya unakuwa kikwazo na hakuna anayeushuku. Jaribu Wi-Fi ya 5 GHz kwenye runinga hiyo hiyo. Mara nyingi inashinda waya.

Folda ya usanidi ya Plex au Jellyfin ikae kwenye diski ya ndani ya mashine inayoendesha seva, ikiwezekana SSD. Zote mbili hutumia hifadhidata ya SQLite, na SQLite iliyowekwa kwenye folda ya mtandao huharibika kwa sababu ufungaji wa faili hauaminiki huko. Ukiendesha seva kwenye kompyuta ndogo na kuacha filamu kwenye NAS, filamu tu ndizo zipite mtandaoni. Katika mpangilio huo pia huenda seva isione faili mpya zikiongezwa, kwani taarifa za mabadiliko mara nyingi hazivuki SMB wala NFS. Panga iskani kila usiku.

Majina nayo. `Jina la Filamu (2014)/Jina la Filamu (2014).mkv` kwa filamu, `Jina la Tamthilia/Season 01/Jina la Tamthilia S01E01.mkv` kwa tamthilia. Kuacha mwaka ndiko kunakofanya filamu ipewe bango la nyingine yenye jina kama lake.

Na RAID (kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) si nakala rudufu. Inakukinga diski moja ikifa. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote kwa pamoja.

## Chagua kwa hali yako

NAS yako ni ya ARM au ni Ryzen isiyo na michoro, na unatazama nyumbani tu: anza na Kodi. Unaweza pia kusimika Plex au Jellyfin kwa masharti kwamba runinga zako zinacheza faili zilivyo, na manukuu ni SRT.

Una NAS ya Intel, watu wa nyumbani ni wengi, kila mmoja anataka akaunti yake, na hakuna wa nje: Jellyfin itakupa yote hayo bila malipo.

Ndugu walio mbali wanataka kutazama kwenye runinga zao na hawana subira ya kusimika VPN: Plex, na uhesabu Plex Pass kama sehemu ya mpango. Pima kwanza kasi yako ya kupandisha; kila mtazamaji wa 1080p atachukua kama megabiti 8 kwa sekunde.

Unataka ubora wa juu sebuleni na pia simu chumbani: weka Jellyfin kwenye NAS, na Kodi sebuleni yenye kiongezi cha Jellyfin. Maktaba inakuwa moja, ulipoishia panakumbukwa, na Kodi inafumua faili yenyewe. Plex ina mpango kama huo kupitia PlexKodiConnect.

Bado huna uhakika: simika Plex na Jellyfin pamoja. Poti zake hazigongani na zote mbili zinaweza kusoma folda moja. Chagua filamu tatu zilizo ngumu kuliko zote ulizonazo, mojawapo iwe ya 4K yenye HDR na manukuu ya PGS, uzicheze kwenye kila skrini ya nyumbani huku ukitazama Dashboard. Itakayogeuza mara chache zaidi kwenye skrini zako, ibakize, na nyingine uizime.